Ridhaa ya Jirani

Mwaka jana alinitembelea kijana mmoja niliyemfundisha kemia zamani, kabla hajaacha ualimu na kwenda kusomea mambo ya mazingira. Nasema kijana kwa mazoea tu, maana naye sasa ana mvi. Alinikuta barazani, akaniamkia kwa heshima ile ile ya darasani, "Shikamoo Mwalimu," na baada ya chai na habari za watoto akafungua mkoba wake akatoa fomu. Kazi yake siku hizi ni kuwasaidia watu wenye viwanda na maghala kuomba kibali cha kuvusha taka za sumu mipakani. Maofisini, aliniambia, zinaitwa taka hatarishi. Alikuwa ameombwa kuwaeleza wafanyabiashara wa betri kuukuu maana ya kila kisanduku cha fomu ile, na kwa kuwa fomu yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, alitaka nimsaidie Kiswahili.

Nilivaa miwani nikaanza kusoma. Nilipofika katikati niliiweka fomu mezani, nikatazama njia kwa muda. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona kimya?" Nikamjibu kuwa macho yamechoka. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimekumbuka shimo moja la kifusi, ng'ambo ya kijito, ambalo nitalieleza baadaye kidogo, maana ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Kwanza nieleze fomu yenyewe, kwani wengi wetu tukisikia neno fomu hufikiri ni karaha ya makarani tu. Fomu hii imetokana na Mkataba wa Basel, uliopitishwa katika mji huo wa Uswisi tarehe 22 Machi, 1989 na kuanza kufanya kazi tarehe 5 Mei, 1992. Nchi zaidi ya 180 zimeuridhia. Marekani iliutia saini mwaka 1990, lakini hadi leo haijauridhia. Kwa mujibu wa Mkataba huo, mtu mwenye taka za sumu haruhusiwi kupakia gari au meli na kuondoka. Yampasa aiarifu mamlaka ya nchi yake, nayo iziarifu kwa maandishi mamlaka za nchi itakayopokea mzigo na za kila nchi ambayo mzigo utapitia. Katika taarifa hiyo ataje taka hizo ni za aina gani na zimechanganyika na nini. Zilizalishwa na nani, na kwa kazi gani. Zina uzito kiasi gani. Zimefungwaje, kama ni kwenye mapipa au zimemwagwa tu chomboni. Zitapita njia gani na lini. Ajali ikitokea watu wafanye nini. Bima ni ipi. Na mwishoni zitateketezwa au kuhifadhiwa kwa njia gani, na nani. Lazima pia pawepo mkataba baina ya anayepeleka na anayepokea, unaosema wazi kuwa taka hizo zitashughulikiwa kwa namna isiyodhuru watu wala mazingira. Kisha mwombaji hutia saini kwamba aliyoyaandika ni ya kweli.

Nchi inayopokea yaweza kujibu ndiyo, yaweza kujibu ndiyo kwa masharti, yaweza kukataa, au yaweza kuomba maelezo zaidi. Lakini sharti ijibu, na ijibu kwa maandishi. Isipojibu, mzigo hauondoki. Nchi ya kupitia hupewa siku 60, na kama ilikwisha kutangaza kuwa haihitaji kutoa idhini ya maandishi, basi kimya chake chaweza kuhesabiwa kuwa ni kukubali. Lakini kimya cha mpokeaji hakihesabiwi.

Hapo nilisimama kidogo. Sisi tumekulia katika desturi ambayo binti aliyeulizwa habari ya mchumba, akinyamaza, wazee walisema amekubali. Huenda binti alinyamaza kwa haya. Huenda alinyamaza kwa hofu, au kwa kuwa mahari ilikwisha kuliwa. Wazee hawakuuliza zaidi, maana kimya kiliwafaa. Nadhani mapatano mengi baina ya wenye nguvu na wanyonge hapa duniani yamefungwa kwa kimya cha namna hiyo. Basi fomu hii ya makarani, isiyo na ladha yoyote, imekataa jambo ambalo wazee wetu wenye busara nyingi hawakulikataa.

Kijana wangu aliniuliza tutumie neno gani: ruhusa, kibali, idhini au ridhaa? Tulibishana karibu saa nzima, na nilifurahi kama mtu aliyerudishwa darasani. Ruhusa humwomba mkubwa; mwanafunzi humwomba mwalimu ruhusa ya kwenda zahanati. Kibali ni ruhusa iliyokwisha kuandikwa na kugongwa muhuri. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka au mwenye mali. Lakini ridhaa ni neno la moyo. Ni ndugu wa radhi, ile tunayoiomba kwa mtu tuliyemkosea, na ile ambayo mzazi humpa mtoto kabla ya safari. Bunge nalo linapokubali mkataba wa kimataifa tunasema limeuridhia. Mtu aweza kuwa na kibali mkononi, chenye muhuri wa buluu na saini mbili, na asiwe na ridhaa ya mtu hata mmoja. Na ndilo swali linalonisumbua: ni nani awezaye kuridhia sumu, na anaridhia kwa niaba ya nani?

Nakumbuka habari za Koko zilivyotangazwa redioni mwaka 1988. Koko ni bandari ndogo nchini Nigeria, katika eneo la mto Niger unapoingia baharini. Wafanyabiashara kutoka Italia walileta huko maelfu ya mapipa ya taka za viwandani, kwa nyaraka zisizosema kweli, na wakayaweka katika uwanja wa mzee mmoja kwa kodi ya dola zipatazo 100 kwa mwezi. Jambo hilo lilifichuliwa na wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa Italia, walioandika barua nyumbani baada ya kuzisoma habari zake huko. Serikali ya Nigeria ikahamaki, na Italia ikalazimika kuzichukua taka zake. Meli moja iliyozibeba, iitwayo Karin B, ilikataliwa katika bandari za nchi kadhaa za Ulaya kabla ya kurudi Italia yenyewe. Naam, zilipokuwa Koko zilikuwa ni mapipa tu uwanjani kwa mtu; zilipokaribia bandari za wenyewe zikawa balaa.

Siku zile nilimlaumu sana yule mzee wa Koko. Nilisema darasani kuwa ameiuza nchi yake kwa bei ya mbuzi wachache. Leo namtazama kwa macho mengine. Uwanja ulikuwa wake. Aliombwa, akakubali, akalipwa. Kwa kipimo cha soko hakuna kosa. Lakini hakuambiwa kilichomo ndani ya mapipa, na hata angaliambiwa, maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa uwanja wake. Alikubali kwa niaba ya majirani ambao hawakumtuma.

Mwaka huo huo wa 1988 ilikuwako meli nyingine, Khian Sea, iliyokuwa imetoka Philadelphia nchini Marekani mwaka 1986 ikiwa na tani zipatazo 14,000 za majivu ya takataka zilizochomwa. Ilizunguka bahari ikitafuta pa kuyatua. Huko Haiti yaliingizwa kwa karatasi zilizosema kuwa ni mbolea, na tani zipatazo 4,000 zikamwagwa ufukweni karibu na mji wa Gonaïves. Serikali ilipogutuka na kuamuru yapakiwe tena, meli iliondoka usiku. Ikabadilisha jina, ikabadilisha tena, na mwishowe ikaonekana mashariki ya mbali ikiwa tupu. Majivu yaliyobaki yalikuwa yametupwa baharini, mengine katika Bahari hii yetu ya Hindi, ambayo haikuombwa idhini na mtu. Yale ya Haiti yalikaa hadi mwaka 2000 ndipo yakaondolewa, na mwaka 2002 yakafukiwa katika jimbo lile lile la Pennsylvania yalikotoka. Miaka 16 kwa safari ya kwenda na kurudi. Mbolea!

Hata kwetu neno zuri limewahi kubeba kitu kibaya. Pale Vikuge, Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, miaka ya 1980 zilifika dawa za kuulia wadudu kutoka Ugiriki zikiitwa msaada. Nyingi hazikutumika. Banda lilianguka, mvua ikanyesha. Wataalamu waliopima udongo wa juu mahali pale, baada ya mabaki yanayoonekana kuwa yameondolewa, walikuta sehemu nyingine ina DDT hadi asilimia 28, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 2004. Asilimia 28! Huo si udongo wenye dawa. Ni dawa yenye udongo. Nani angeikataa zawadi? Zawadi haina fomu. Na tangu utoto tumefundishwa kuwa anayekagua zawadi hana adabu.

Sasa nirudi kwenye shimo.

Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu katika mkoa unaolima pamba. Sitakitaja, kwa kuwa walioko huko sasa hawana hatia. Nyuma ya karakana ilikuwako stoo iliyojaa mabaki ya siku za bidii ya Elimu ya Kujitegemea, wakati chuo kilipokuwa na shamba kubwa. Kulikuwa na mapipa 11 ya dawa ya pamba, mengine yamevimba, mengine yanatoa jasho lenye harufu ya kuumiza kichwa. Kutoka maabara tulikuwa tumeongeza masanduku mawili ya chupa ambazo lebo zake zilikwisha kuliwa na mende, na zebaki kidogo katika chupa ya soda. Kila mwaka nilihesabu vitu hivyo katika leja, na mapipa niliyaandika namba kwa rangi nyeupe kwa mkono wangu mwenyewe, moja hadi kumi na moja. Kisha nikapata habari kwamba wakaguzi wanakuja baada ya majuma mawili.

Mhasibu wangu alishauri tumwage vyote kijitoni usiku. Nilimkemea. Nilimwambia kuwa watu hunywa maji yale. Nikajiona mwadilifu, na uadilifu ule ukanipa usingizi mzuri kwa siku mbili. Siku ya tatu nikapata akili nyingine. Ng'ambo ya kijito, ambacho ndicho kilikuwa mpaka baina ya chuo na kijiji, palikuwa na shimo lililoachwa na wajenzi wa barabara walipochimba kifusi. Nikaenda kumwona mwenyekiti wa kijiji.

Alikuwa mtu mzima kuliko mimi kwa miaka ishirini hivi, mtulivu, asiyejua kusoma sana lakini anayejua kusikiliza. Nilimpelekea barua niliyoiandika kwa ufasaha wangu wote, kuomba idhini ya kufukia katika shimo lile "takataka za chuo zisizohitajika tena." Nikaongeza kwamba chuo kingependa kuchangia mabati 20 kwa darasa la shule ya kijiji lililokuwa limeezuliwa na upepo. Mzee alinisikiliza. Kisha akauliza swali moja tu: "Hizo takataka, Mwalimu, zina ubaya?"

Nikamjibu, "Ni vitu vilivyopitwa na wakati, mzee wangu."

Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Hakuna neno la uongo ndani yake. Dawa zilikuwa zimepitwa na wakati. Tarehe ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa pipa. Lakini mzee hakuuliza kuhusu wakati. Aliuliza kuhusu ubaya, nami nikamgeuzia swali kama mvuvi anavyogeuza samaki mkononi ili mnunuzi asione upande uliooza. Akasema, "Wewe ndiwe msomi wetu," akatoa muhuri wa kijiji kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akaupulizia, akaugonga. Tulifukia siku ya Jumamosi. Wakaguzi walitusifu kwa usafi wa stoo.

Katika mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, kijito kilihama, kikala ukingo wa shimo. Mimi sikwenda kutazama. Nilikuwa na mitihani. Baada ya mvua kulikuwa na msiba kijijini, nikaenda kuhani, na wakati wa kurudi nikapita kwa mwenyekiti kumjulia hali. Chini ya upenyo wa nyumba yake lilisimama pipa la kukinga maji ya mvua. Lilikuwa limesuguliwa vizuri kwa mchanga na majivu, lakini rangi nyeupe haikutoka yote. Lilikuwa namba saba. Mtoto wa kike wa miaka sita au saba alikuwa akichota kwa kata.

Nilimpokonya ile kata. Mtoto akalia, mzee akatoka, nami nikamweleza yote palepale nikiwa nimesimama, maana niliona haya kuketi. Hakunifokea. Alimwaga yale maji mwenyewe, akaliviringisha pipa hadi njiani, akafuta mikono kwenye kanzu yake. Kisha akasema, "Nilikuuliza, Mwalimu."

Tulifukua. Shimoni tulipata mapipa sita, na matatu tuliyakusanya nyumbani kwa watu. Mawili hayakuonekana. Mengi yalikuwa matupu, na kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimekwenda mahali. Chupa za maabara zilikuwa zimepondeka. Tuliyarudisha mapipa stoo juu ya sakafu ya saruji tukafunga mlango, na nikaandika barua wilayani kuomba msaada. Hata barua hiyo leo inanifedhehesha. Niliandika kwamba mapipa "yamegunduliwa" ng'ambo ya kijito baada ya mafuriko. Nani aliyapeleka? Sarufi ya Kiswahili inaruhusu kitenzi kisicho na mtendaji, nami nilikuwa nimeifundisha kwa miaka mingi. Baadaye walikuja watu kuyaorodhesha, na nilihamishwa kabla hayajaondolewa.

Simjui mtu yeyote aliyeugua kwa sababu ya mapipa yale. Jambo hilo halinifariji, kwa kuwa hakuna aliyepima.

Sasa utaelewa, ndugu msomaji, kwa nini niliinyamazia ile fomu. Kila kisanduku kilikuwa swali la mzee yule, limekatwa vipande vipande ili asiwepo msomi wa kulikwepa. Ni nini? Kiasi gani? Kina madhara gani? Ajali ikitokea tufanye nini? Nilidhani fomu hubuniwa na watu wasioaminiana. Ni kweli, na mimi ni mmoja wa watu waliosababisha zibuniwe.

Yupo atakayesema: lakini yule mwenyekiti alipata mabati 20, na darasa likaezekwa, kila upande ulipata ulichokitaka. Hoja hii si ya mitaani tu. Mwezi Desemba 1991, ndani ya Benki ya Dunia, ulizunguka waraka wenye saini ya Lawrence Summers, aliyekuwa mchumi mkuu wa benki hiyo, ukidai kuwa kwa hesabu za uchumi ni sawa kupeleka taka za sumu kwenye nchi zenye mishahara midogo kabisa, kwa vile huko hasara ya ugonjwa na kifo ni ndogo ikipimwa kwa mapato. Ulipovuja mwanzoni mwa 1992 ilielezwa kuwa ilikuwa kejeli ya kuchochea fikra. Iwe kejeli au la, hesabu ile haina kosa la kujumlisha. Kosa lake ni kuchukua umaskini wa mtu, ambao hakuuchagua, na kuufanya ndio kipimo cha bei ya mwili wake. Mimi sikuwahi kuandika waraka kama huo. Nilipeleka mabati tu.

Abidjan nako hesabu hiyo ilifanyika bila waraka. Mwaka 2006 meli Probo Koala ilijaribu kwanza kutoa taka zake Amsterdam. Gharama ya kuzisafisha huko ilipopanda ikafika laki kadhaa za euro, waliozimiliki wakaona ni nyingi, na mwezi Agosti zikatua Abidjan, ambako kampuni ndogo iliyopata leseni mwezi mmoja tu kabla ya hapo ilikubali kuzichukua kwa dola zisizofika 20,000. Zikamwagwa usiku sehemu nyingi za jiji. Watu zaidi ya 100,000 walikwenda hospitalini, na serikali ilisema wapatao 15 walikufa. Angalia kwamba leseni ilikuwepo. Palikuwa na karatasi, na palikuwa na muhuri.

Ndiyo maana kuna kifungu kimoja cha Mkataba wa Basel ambacho kijana wangu alinionyesha na ambacho nimekipenda kuliko vyote. Kinasema kwamba wajibu wa nchi iliyozalisha taka, wa kuhakikisha zinashughulikiwa vizuri, hauwezi kwa hali yoyote kuhamishiwa kwa nchi inayozipokea au zinakopitia. Taka zaweza kuvuka mpaka; wajibu hauvuki. Maana yake, hata mwenyekiti angeambiwa kila kitu na akagonga muhuri kwa hiari, mapipa yale yangebaki kuwa yangu. Nilikuwa nimedhani ule muhuri umenitua mzigo. Muhuri humwambia jirani kinachokuja. Haumtui mwenye nacho.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Nchi za Afrika, kwa Mkataba wa Bamako wa Januari 1991, zilikataa kabisa taka za sumu kuingizwa barani kutoka nje, iwe kwa idhini au bila idhini. Na katika Basel yenyewe yalipitishwa mwaka 1995 marekebisho ya kuzizuia nchi tajiri zisizipeleke kwa maskini. Yalichukua miaka 24 kupata nchi za kutosha, yakaanza kufanya kazi tarehe 5 Desemba, 2019. Nilimuuliza kijana wangu: je, huko si kututendea kama watoto? Mtu mzima akikatazwa hata kukubali, ana uhuru gani? Alinijibu kwa adabu kwamba nilipokuwa mkuu wa chuo niliwakataza wanachuo kukopeshana kwa riba, ingawa wote walikuwa watu wazima. Nikamwambia riba ni jambo jingine. Bado nafikiri ni jambo jingine, lakini sijafaulu kueleza kwa nini. Ninachokiona ni kwamba mwenye njaa akiulizwa kama yuko radhi, swali lenyewe limekwisha kupindwa, na aliyelipinda mara nyingi ndiye muulizaji.

Hata hivyo tusidhani mpaka ni mbaya kila unapovukwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 Ethiopia ilisafirisha dawa zake chakavu za kuulia wadudu hadi Finland, kwa kuwa huko kulikuwa na tanuri lenye joto la kutosha kuziteketeza, nayo haikuwa nalo. Mzigo wa namna hiyo nao huombewa idhini, kwa fomu zile zile. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kidogo. Nilikuwa nimeiona fomu kama ngao ya maskini, kumbe na Mfini anayeishi jirani na tanuri ana haki ya kuuliza: zina ubaya? Na yeye hujibiwa. Tangu tarehe 1 Januari, 2025 mabaki yote ya vifaa vya umeme na kompyuta yanayovushwa mpakani nayo yanahitaji idhini hiyo, na kijana wangu analalamika kuwa kazi imemzidi. Nilimwambia ashukuru.

Alipoondoka aliniachia nakala moja ya fomu tupu. Ilikaa mezani juma zima. Kisha niliichukua, nikaiandika upya kwa Kiswahili kwenye karatasi ya mistari, nikaanza kuijaza kwa ajili ya yale mapipa, nikiwa nimechelewa miaka 30. Mzalishaji: nikaandika jina la chuo. Mpelekaji: nikaandika jina langu, bila kitenzi cha kujificha. Mpokeaji: jina la mzee, ambaye alifariki mwaka 2003. Aina, ufungaji, njia iliyotumika, tarehe. Katika kisanduku cha hatari niliandika yote ninayoyajua.

Mwezi uliofuata nilipanda basi. Mwenyekiti wa kijiji siku hizi ni kijana mwenye simu mbili, na kijiji kina kisima cha pampu, mita zipatazo mia tatu kutoka lilipokuwa shimo. Alinipokea vizuri, akaisoma karatasi yangu yote kimya, kwa kidole, kisanduku baada ya kisanduku. Hakuniuliza kwa nini sasa. Alipofika kwenye kiasi akainua macho.

"Hapa, Mzee, pa kilichobaki ardhini, hujaandika kitu."

Nikamwambia sijui. Akanipa kalamu yake, akasema basi niandike hivyo, kwa kuwa anataka kuipeleka wilayani waje kupima maji. Nikaandika.